Mji Mbaya Hutengenezwa na Mpaka

Mwezi Agosti 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipotangaza hali ya dharura ya uhalifu jijini Washington na kupeleka askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa mitaani, mabishano ya siku nyingi yalifufuka: ni mji upi hasa ulio mbaya kuliko yote kuishi? Ndani ya majuma machache Chicago, Baltimore na Memphis zilikuwa zimekwisha kutajwa. Waliopinga hatua hiyo walitoa takwimu za polisi zilizoonyesha kwamba uhalifu wa kutumia nguvu jijini Washington ulishuka sana mwaka 2024. Walioiunga mkono wakahoji namna takwimu hizo zilivyokusanywa. Kambi hizo mbili zilivutana kwa ukali, lakini kuna jambo moja zilikubaliana bila kulitamka, nalo ni kwamba mji unaweza kupimwa peke yake ndani ya mpaka wake, ukapewa alama, kisha ukashindanishwa na mingine. Naamini dhana hiyo ndiyo inayopotosha mjadala mzima, na inaupotosha zaidi pale tunapolinganisha miji iliyopakana ndani ya eneo moja la jiji kuu.

Hoja yangu ni hii. Jiji kuu na miji inayolizunguka ni mwili mmoja wa kiuchumi: watu hulala upande mmoja, hufanya kazi upande mwingine, na hununua, hutibiwa na husoma upande wa tatu. Mpaka wa kiutawala unapopita katikati ya mwili huo, huamua kodi inabaki wapi, taka zinapelekwa wapi, na maskini wanaruhusiwa kujenga au kupanga wapi. Mji unaoibuka mwishoni mwa orodha, ule ambao kila mtu anausema vibaya, kwa kiasi kikubwa ni zao la mgawanyo huo. Sisemi kwamba maisha ni sawa kila mahali, wala kwamba wanaoulalamikia mji wao wanajidanganya. Ninachosema ni kwamba tunapouuliza mji mmoja kwa nini ni mbaya, mara nyingi tunamhoji asiyehusika, na majirani walioshiriki kuufanya hivyo wanaachwa wakishika nafasi za juu za orodha ileile.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndizo zinazotumiwa kama ushahidi usiopingika. Jiji la St. Louis, jimboni Missouri, limetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa majiji yenye mauaji mengi zaidi Marekani. Mwaka 2020 watu 263 waliuawa humo, na kwa kuwa sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi 301,578, wastani ukawa mauaji 87 kwa kila wakazi 100,000. Ni idadi ya kutisha. Lakini mwaka 1876 wapiga kura waliamua kulitenga jiji hilo na kaunti iliyolizunguka, na mpaka wake haujasogea tangu wakati huo. Kaunti ya St. Louis, ambayo leo ina wakazi wapatao milioni moja na karibu serikali 90 za miji midogo, huhesabiwa kando, ilhali eneo zima la jiji kuu lina watu takriban milioni 2.8. Kwa hiyo kinachopimwa kwa jina la St. Louis ni kiini tu cha jiji, yaani mitaa ya kale yenye umaskini uliorundikana, bila vitongoji vilivyojengwa na waliohama kutoka humohumo. Jacksonville, jimboni Florida, iliungana na kaunti yake mwaka 1968, na Indianapolis ikafanya vivyo hivyo mwaka 1970; majiji hayo huingia kwenye orodha yakiwa na vitongoji vyake tulivu ndani ya hesabu. Kama jiji na kaunti ya St. Louis vingehesabiwa pamoja, wastani ungeshuka sana hata baada ya kujumlisha mauaji ya kaunti. Waliokufa wangebaki walewale, mitaa ya hatari ingebaki ileile. Kitakachokuwa kimebadilika ni idadi ya watu wanaotumika kugawanya.

Kuna mfano uliokithiri zaidi. Katika Kaunti ya Los Angeles, yenye miji 88 inayojitawala, upo mji uitwao Vernon ambao sensa ya 2020 ilikuta una wakazi 222. Mchana hujaa makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa viwandani na maghalani, na jioni hubaki tupu. Ukichukua wizi wote unaotokea Vernon kwa mwaka na kuugawanya kwa wakazi 222, utapata mji wa kutisha kuliko wowote duniani, na hutakuwa umejifunza lolote kuhusu maisha ya mtu yeyote. Mwaka 2007 bodi ya chama cha wataalamu wa uhalifu nchini Marekani ilipitisha tamko la kupinga matumizi ya takwimu za polisi kupanga miji kwa hatari, na shirika la upelelezi la FBI, ambalo ndilo hukusanya takwimu hizo, limekuwa likionya dhidi ya matumizi hayo. Orodha zimeendelea kutoka kila mwaka hata hivyo.

Hesabu lakini ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa zaidi ni fedha, na hapo Washington yenyewe ni somo. Sheria ya mwaka 1973 iliyolipa jiji hilo mamlaka ya kujiendesha ililikataza kutoza kodi ya mapato kwa watu wasioishi humo. Kila asubuhi umati wa wafanyakazi huingia kutoka Maryland na Virginia, hutumia barabara, polisi, maji taka na zimamoto za jiji, na jioni hurudi na mishahara yao ng'ambo ya mpaka, ambako kodi hiyo hujenga shule za miji yao. Sehemu kubwa ya ardhi ya jiji pia ni mali ya serikali kuu, nayo hailipi kodi ya majengo. Jiji lenye wakazi wasiofika 700,000 wakati wa sensa ya 2020 limebeba gharama za kuwa kitovu cha eneo la watu zaidi ya milioni sita. Washington imeweza kustahimili kwa sababu ina utajiri wake. Mji maskini uliowekewa masharti kama hayo huporomoka.

Detroit iliporomoka. Mwaka 1950 ilikuwa na wakazi 1,849,568. Mwaka 2020 walibaki 639,111. Hawakuyeyuka. Wengi walihamia vitongoji vilivyo umbali wa safari fupi ya gari, wakaenda na kodi zao, na wakaliachia jiji mabomba, taa, zimamoto na pensheni zilizokadiriwa kwa idadi ya watu iliyokuwa mara tatu. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba wilaya 53 za shule zilizolizunguka jiji hazingeweza kulazimishwa kushiriki mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe. Maana yake kwa mzazi wa kizungu aliyetaka kuondoka ilikuwa wazi: ukivuka mpaka, wajibu unakoma. Julai 2013 Detroit ikatangaza kufilisika, na wachambuzi wengi wakaandika juu ya uzembe wa viongozi wake. Uzembe ulikuwepo, na rushwa pia. Meya wa zamani, Kwame Kilpatrick, alihukumiwa kifungo mwaka huohuo. Lakini hakuna meya, hata awe mwadilifu kiasi gani, ambaye angeweza kuendesha jiji la watu milioni mbili kwa kodi ya watu laki saba, wengi wao wakiwa ndio wale wasio na uwezo wa kuhama.

Mji ukikosa kodi hutafuta fedha kwingine. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani iliyotolewa Machi 2015 kuhusu Ferguson, mji wa watu wapatao 21,000 katika Kaunti ya St. Louis, ilionyesha jinsi polisi na mahakama ya mji zilivyosukumwa kukusanya faini za makosa madogo ya barabarani na ya nyasi zisizokatwa ili kujaza bajeti, na jinsi mzigo huo ulivyowaangukia zaidi wakazi weusi. Ukimuuliza mkazi wa mji wa namna hiyo kama anaishi mahali pabaya, atakujibu ndiyo, na atakuwa na haki. Swali ambalo halimo kwenye orodha ni kwa nini kuna serikali karibu 90 zinazogombea kodi katika kaunti moja.

Baada ya fedha kuna uchafu, na hapa narudi Vernon. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichotoa vumbi la madini ya risasi. Vumbi halitambui mpaka. Liliangukia nyua za Maywood, Bell, Huntington Park, Commerce na mitaa ya mashariki ya Los Angeles, mahali ambapo watoto hucheza kwenye udongo. Kiwanda kilifungwa moja kwa moja mwaka 2015, kampuni iliyokimiliki ikafilisika, na mwaka 2020 mahakama ikairuhusu kulitelekeza eneo hilo. Gharama ya kusafisha maelfu ya nyumba ikabaki kwa serikali ya jimbo. Tazama mgawanyo ulivyokuwa: mji wenye wakazi wachache ulipata mapato ya viwanda, na miji ya jirani, iliyojaa familia za wafanyakazi wa kipato cha chini, ilipata risasi kwenye damu ya watoto. Kisha miji hiyo ya jirani ndiyo inayowekwa mwishoni katika orodha za mahali pa kuishi Los Angeles, kwa vigezo vya afya na mazingira. Nasikitishwa na orodha ya namna hiyo kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu inamwadhibu aliyedhurika kwa kipimo cha madhara aliyopata.

Wanaotetea orodha hizi wana hoja zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni kwamba mahali ni muhimu kweli, na familia inayotafuta pa kuhamia ina haki ya kujua. Ushahidi upo. Kati ya 1994 na 1998 serikali ya Marekani ilifanya jaribio katika Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ambapo familia zipatazo 4,600 zilizoishi katika nyumba za umma ziligawanywa kwa bahati nasibu, na baadhi zikapewa vocha za kusaidia kulipa pango zikihamia maeneo yenye umaskini mdogo. Wanauchumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walipofuatilia matokeo miaka mingi baadaye, walikuta kwamba watoto waliohama kwa vocha hizo kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 31 walipokuwa watu wazima. Atakayesema kwamba mahali pote ni sawa lazima aujibu ushahidi huo, nami siwezi. Hata hivyo, angalia walichopima. Vocha hizo hazikuwa za kuhamia mji fulani. Zilikuwa za kuhamia eneo dogo la sensa, lenye watu elfu chache, ambalo umaskini wake haukuzidi asilimia 10. Maeneo kama hayo yamo ndani ya majiji yanayosemwa vibaya, na maeneo ya taabu yamo ndani ya miji inayosifiwa. Mzazi anayetaka kujua wapi pa kumlea mtoto anasaidiwa na ramani ya mitaa, na akipewa orodha ya miji anaweza kuukimbia mtaa mzuri na kuingia mbaya.

Hoja ya pili inasema kwamba aibu huwaamsha viongozi. Mji ukitajwa mwishoni, wapiga kura watauliza maswali, na aliyelala atazinduka. Kuna ukweli ndani yake, na mji wa Bell, palepale kusini-mashariki mwa Los Angeles, unaonyesha jinsi uongozi mbovu unavyoweza kuwa mbovu. Mwaka 2010 ilifichuliwa kwamba mkurugenzi wa mji huo wenye watu wapatao 35,000, Robert Rizzo, alikuwa akijilipa mshahara wa karibu dola 800,000 kwa mwaka, baadaye alifungwa. Bell haikuibiwa na majirani. Iliibiwa na watu wake wenyewe. Nakubali. Lakini kilichomfichua Rizzo hakikuwa orodha ya miji mibaya. Waandishi wa gazeti la Los Angeles Times walidai nyaraka za mishahara na kuzichapisha, na wakazi wakajaa kwenye kikao cha baraza. Udogo wa mji nao ulichangia: kura ya 2005 iliyoufungulia mji mlango wa kukwepa ukomo wa mishahara ya madiwani ilipigwa na watu wasiofika 400. Eneo lililokatwakatwa vipande vidogo lina mabaraza mengi kuliko macho ya kuyatazama.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi. Inasema kwamba watu huchagua mahali pa kuishi, kwa hiyo anayebaki katika mji mbaya ameridhika nao au hakujitahidi. Toleo lake la kisomi linatokana na makala ya mwaka 1956 ya mwanauchumi Charles Tiebout, aliyependekeza kwamba wananchi huchagua kati ya miji kama wanunuzi sokoni, kila mmoja akienda panapomfaa kwa kodi na huduma. Wanaoitumia husahau masharti ambayo Tiebout mwenyewe aliyaweka wazi: kwamba watu wanaweza kuhama bila kizuizi, kwamba ajira haiwafungi mahali, na kwamba kinachofanywa na mji mmoja hakiwadhuru wa mji mwingine. Sharti hili la mwisho lilivunjwa na kila punje ya vumbi lililotoka Vernon. La kwanza lilivunjwa kwa makusudi. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha sheria za matumizi ya ardhi katika kesi ya Euclid, kitongoji cha Cleveland, na katika hukumu hiyo nyumba ya ghorofa ya kupangisha ndani ya mtaa wa makazi ililinganishwa na kupe. Tangu hapo vitongoji vingi vimeweka ukubwa wa chini wa viwanja na kupiga marufuku nyumba za kupangisha, na asiyeweza kununua kiwanja kikubwa hakaribishwi. Ufaransa ilijaribu kuuvunja ukuta wa aina hiyo kwa sheria ya Desemba 2000 iliyotaka miji ya maeneo makubwa iwe na angalau asilimia 20 ya nyumba za bei nafuu, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi asilimia 25 kwa miji mingi. Neuilly-sur-Seine, mji tajiri unaopakana na Paris, umebaki chini sana ya kiwango hicho kwa miaka yote hiyo na kulipa tozo inayoambatana na kutotii. Upande wa pili wa jiji, Clichy-sous-Bois, kitongoji maskini ambako machafuko ya mwaka 2005 nchini Ufaransa yalianzia, haikuwa na reli ya aina yoyote hadi tramu ilipofika Desemba 2019. Kumwambia kijana wa huko kwamba alichagua mahali pake ni kumtukana.

Tena tusidhani kwamba kuupa mji alama ni maneno matupu. Marekani ilikwisha kufanya hivyo rasmi. Shirika la serikali lililoundwa mwaka 1933 kuokoa mikopo ya nyumba lilichora ramani za majiji zaidi ya 200 na kuipa kila mitaa daraja, kuanzia kijani kwa mitaa bora hadi nyekundu kwa ile iliyoitwa hatari, na kuwepo kwa wakazi weusi kulitosha kushusha daraja. Wanahistoria wanabishana ni madhara kiasi gani yaliletwa na ramani hizo zenyewe na kiasi gani na taasisi iliyozaliwa mwaka 1934 kudhamini mikopo, ambayo ilikuwa na ubaguzi wake. Hakuna anayebisha kwamba mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari ilinyimwa mikopo, ikakosa matengenezo, na ikawa vile ilivyotabiriwa. Orodha za leo hazina muhuri wa serikali, lakini mwekezaji, kampuni ya bima na mwalimu anayetafuta kituo cha kazi huzisoma, na kila mmoja akiuepuka mji uliotajwa, nafasi yake ya mwaka ujao imekwisha kuandaliwa.

Kama hayo niliyosema ni sahihi, basi yapo mambo ya kudaiwa. Anayechapisha orodha ya miji ndani ya eneo moja la jiji kuu anapaswa kuonyesha, kando ya wastani wa uhalifu, ukubwa wa mji ukilinganishwa na eneo zima, idadi ya wanaoingia mchana kufanya kazi, na kodi inayopatikana kwa kila mkazi. Takwimu hizo zinapatikana bila shida, na zikiwekwa pamoja msomaji ataona mwenyewe nani anambeba nani. Mwandishi wa habari anayetumwa kueleza kwa nini mji fulani ni mbaya anapaswa kuanzia katika baraza la mji wa jirani, kwenye kumbukumbu za vikao vilivyokataa nyumba za kupangisha.

Gumu zaidi ni kuhusu mpaka wenyewe. Wepesi wa kufikiri hutuelekeza kuufuta: unganisha miji, mambo yaishe. Jijini St. Louis pendekezo la kuliunganisha jiji na kaunti yake liliondolewa Mei 2019 baada ya mkuu wa kaunti, aliyekuwa akiliunga mkono, kushtakiwa kwa rushwa na kujiuzulu. Lakini lilikuwa limekwisha kukutana na upinzani mzito kabla ya hapo, na si kutoka kwa vitongoji tajiri pekee. Wakazi wengi weusi wa jiji na wa miji midogo ya kaunti waliona kwamba muungano ungewanyang'anya mameya na madiwani waliowachagua baada ya miongo ya kupigania haki hiyo, na kuwaacha wachache ndani ya serikali kubwa wasioweza kuishinda kwa kura. Hofu hiyo ina msingi, na mpango wowote unaoipuuza hautastahili kuitwa haki.

Jimbo la Minnesota lilipita njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1971, kwa kaunti saba za eneo la Minneapolis na St. Paul, inachukua asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda la kila mji, inaliweka katika mfuko mmoja, kisha inaligawa upya, miji yenye uwezo mdogo ikipata zaidi. Kiwanda kipya kikijengwa katika mji mmoja, mji wa jirani nao hunufaika, na kishawishi cha kunyang'anyana wawekezaji hupungua. Kila mji umebaki na meya wake na baraza lake. Pengo kati ya miji halijazibwa, na ubaguzi wa rangi katika eneo hilo haukwisha, kama dunia ilivyoshuhudia mwaka 2020 kufuatia kifo cha George Floyd, mwanamume mweusi aliyeuawa na polisi jijini Minneapolis. Lakini sheria hiyo imefanya kazi kwa zaidi ya nusu karne, miji iliyokuwa ikitoa imewahi kuwa inayopokea kadiri viwanda vilivyohama, na kesi za mahakamani zilizofunguliwa kuipinga zilishindwa. Majimbo mengine yenye miji inayoongoza orodha za ubaya yanaweza kuisoma na kuiiga bila kusogeza mpaka wowote.